Zima Tanuri, Baba

Barua ya muhula imebanwa kwa sumaku
mlangoni mwa jokofu, juu ya bili ya gesi.
Mwalimu Ackroyd ameandika kwa nukta nukta:
kusoma saa; nusu na robo;
mbegu, na kinachozifanya ziote;
Moto Mkuu wa London.
Tafadhali tuleteeni maboksi matupu.

Nikasema, haya, maboksi tunayo.

Jumatatu Batuli akarudi na saa ya karatasi,
mishale yake imeshikwa kwa pini.
Asubuhi akaweka mshale mfupi kwenye saba.
"Saa ngapi, baba?" Saa moja, nikamjibu.
Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama Oskar
anapokula raba.
"Saba," akasema. Moja, nikasema.
Tukabishana hadi uji ukafanya utando.
Nikamweleza: sisi twahesabu tangu jua lichomoze.
Akageukia dirisha. Hull, mwezi wa Januari.
"Jua lipi?"

Jumatano ilikuwa nusu na robo.
Mkate niliouleta kutoka kiwandani,
ule uliopinda, usiouzika,
akaukata vinne, jicho moja kalifumba,
kipande kikubwa akakiita robo yangu.
Nikamwambia robo zote hulingana.
"Najua. Lakini wewe hufanya kazi usiku."

Haragwe lake limelala kwenye pamba mbichi
ndani ya mfuko, kwenye kioo cha darasa.
La Tegan limeshatoa mkia. La Batuli bado.
Kila jioni naliulizia hali kama mgonjwa.

Kisha ikaja habari ya moto.
London ya zamani, nyumba za mbao
zimeegemeana kama walevi,
upepo wa mashariki, na mwoka mikate
aliyekwenda kulala bila kuangalia tanuri.
Siku nne. Mtu mmoja akazika jibini lake bustanini.
Yote haya kwa mswaki mdomoni.
Akanyamaza. Akatema povu.
"Baba. Si wewe ni mwoka mikate?"

Mimi husimama kando ya mkanda wa mashine,
wavu kichwani, wavu kwenye ndevu,
natoa mikate iliyopinda. Tanuri lenyewe
lina urefu wa mtaa wetu, na swichi zake
ziko katika chumba nisichoruhusiwa kuingia.
Nikasema, ndiyo, mwoka mikate.
Sijui kwa nini. Ilinipendeza.

Tangu usiku ule, nikivaa viatu saa tatu
nasikia mlango, nyayo,
na sauti juu ya ngazi: "Zima tanuri, baba."
Nitalizima. "Uliangalie mara mbili."
Mara mbili. "Na usilale kwanza."
Mama yake anacheka jikoni: mwanangu,
maji ya moto hayachomi nyumba.
Batuli hacheki. "Hayakuwa maji," anasema.

Siku ya kuchoma tulialikwa wazazi.
Maboksi yetu yamekuwa mtaa mzima uwanjani,
mbao za kuchorwa, madirisha ya kalamu,
paa za majani makavu.
Wazimamoto wawili, mpira wa maji tayari.
Mwalimu Ackroyd akainua kiberiti
na watoto thelathini wakavuta pumzi moja.

"Ngojeni!"
Alikuwa wangu. Akapita chini ya kamba,
akafungua boksi la pembeni (ningelijua popote,
lilikuja na viatu vyangu vya kazi),
akatoa kitu, akarudi amekunja ngumi.
Hakuna aliyemkemea. Haroon tu alinung'unika,
"Si haki, yeye ndiye aliyeanzisha."

Moto ukashika. Ukaenda nyumba hadi nyumba
upesi kuliko nilivyodhani;
nilijikuta nimerudi nyuma hatua moja.

Njiani akafungua ngumi.
Mtu wa udongo, kichwani wavu wa uzi mweupe,
na mwingine kidevuni.
"Alikuwa amelala," akasema.
Kisha, tukivuka barabara:
"Na haragwe langu limeota."